Kigingi Katika Nchi ya Mawe

Watakuwapo wasomaji watakaotushangaa kwa kuutoa ukurasa huu, uliozoea habari za bei ya chai na haki za wafanyakazi, tukaupa kigingi. Twawaomba wavumilie. Katika Wilaya ya Rungwe kigingi si jambo dogo. Fahali aking'oa kigingi chake usiku na kuingia katika mahindi ya jirani, watu wawili hufikishana barazani, na hupita mwaka mzima hawaamkiani. Paa la bati likiinuliwa na upepo wa masika, watoto hulala kwa watu. Nguzo ya pembeni ya uzio ikilegea, uzio wote huinama kama mlevi. Vitu hivi vyote vimeshikwa na kipande cha mti au cha chuma kilichozamishwa ardhini. Na pale ambapo kipande hicho hakikuzama sawasawa, mwenye nyumba amejidanganya tu kwamba ameshikiza kitu.

Sasa, mtu wa Kyela akisoma maneno haya atacheka. Huko bondeni, ziwani, udongo ni laini, na kijana mmoja mwenye gogo la kugongea hupigilia vigingi ishirini kabla jua halijawa kali. Na ajaribu kupanda nasi hadi Tukuyu, au apite mbele kidogo, chini ya Mlima Rungwe wenyewe, ndipo aone. Kigingi huingia kwa shangwe shubiri ya kwanza. Shubiri ya pili hutoa sauti nyingine. Kisha nyundo hurudi juu yenyewe, mikono hufa ganzi, na kigingi cha mti kimepasuka kichwa hadi kiunoni.

Sababu yake iko wazi kwa kila aliyeitazama nchi hii. Rungwe ni nchi iliyojengwa na moto. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ni volkano. Ngozi, ambako ziwa limekaa ndani ya kinywa cha mlima, ni volkano. Na Kiejo ilitoa uji wake wa mawe yapata mwaka 1800, jana tu kwa hesabu ya milima. Daraja la Mungu lililoukingama mto Kiwira nalo ni uji wa mawe ulioganda. Yapata miaka elfu nne iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo kikubwa, ukaifunika nchi kwa mawe mepesi yenye vitundu, yale ambayo watoto huyatupa majini ili wayaone yakielea. Baada ya hapo mvua, ambayo Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ikafanya kazi yake juu ya majivu, na tukapata udongo mweusi unaolisha migomba, chai, viazi na parachichi.

Kwa hiyo mkulima wa Rungwe hana ardhi moja chini ya miguu yake. Ana udongo laini juu, ana tabaka la mawe mepesi chini yake, na kati ya hayo yamelala mawe meusi mazito, mengine kama ngumi, mengine kama ng'ombe aliyelala. Hakuna ajuaye lililo chini mpaka amegonga. Jembe halina shida sana, kwa kuwa jembe hufanya kazi juu juu. Anayepata taabu ni kigingi, maana kazi ya kigingi iko chini.

Tumewatazama watu wakipigana na ardhi hii. Desturi ni kwamba mmoja hushika kigingi kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, na mwingine huinua nyundo ya kilo sita juu ya kichwa na kuishusha. Hatuna haja ya kueleza yanayotokea nyundo ikikosa. Katika kila kijiji yupo mwenye kidole kilichopinda au kucha isiyoota, naye husema kwa kifupi tu, "Kigingi." Mara nyingi anayeshika ndiye mdogo: mtoto wa nyumbani, au kibarua wa siku moja asiyeweza kumwambia mwenye shamba kwamba anaogopa. Katika kazi za kuajiriwa jambo hili twaliona ni la haki za kazi kabisa. Kibarua hupatana ujira wa kugonga vigingi. Mkono wake haumo katika mapatano.

Walakini wapo wanaosema, si ziko dukani nanga za ardhini zilizotengenezwa viwandani, zenye parafujo, ambazo mtu huzungusha tu zikazama? Ni kweli ziko, na historia yake inapendeza. Mwaka 1833 Alexander Mitchell, fundi wa Ireland aliyekuwa kipofu, alipata hataza ya nguzo yenye parafujo chini yake, na kwa nguzo za namna hiyo ulijengwa mnara wa taa juu ya mchanga wa Maplin, penye mlango wa mto Thames, ambao kazi yake ilianza mwaka 1838. Kwa mchanga na tope, uvumbuzi ule haujapata mpinzani. Lakini parafujo hujipenyeza kwa kuusukuma udongo pembeni, na jiwe jeusi la Rungwe halisukumwi. Parafujo ikikutana nalo hupinda jani, au humzungusha mwenye kuizungusha. Mtu aliyenunua nanga nne za namna hiyo kwa fedha za parachichi amenunua tope la mahali pengine.

Dawa ni kuutenganisha ugonjwa mara mbili. Kosa la kigingi chetu ni kwamba tumekipa kazi mbili kwa wakati mmoja: kutoboa njia na kushika. Mti au bomba jembamba haliwezi kupasua jiwe na papo hapo likabaki zima la kushikia. Na itangulie zana ngumu itakayotoboa, itoke, kisha kigingi chenye kipimo sawa na tundu kiifuate njia iliyokwisha kufunguliwa. Wachimba mawe wa dunia nzima wamejua jambo hili tangu zamani. Mwenye machimbo hutoboa kwa tindo na kuizungusha kidogo kila baada ya pigo. Sisi twataka tindo hiyo iwe ndefu, isikose shabaha, iweze kung'oka yenyewe, na itengenezwe hapa hapa kwa chuma kuukuu.

Tukisema hapa hapa hatutaki kusifu bure. Uhunzi si jambo geni katika milima hii. Wakinga wa ng'ambo ya pili, katika milima ya Livingstone, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki, wakateremka nayo kuja kuyabadilisha kwa Wanyakyusa, kama vile Wakisi wa kando ya Ziwa Nyasa walivyoleta na wanavyoleta hata leo vyungu vyao mnadani Matema. Jembe la kiwandani la Ulaya lilipofika kwa meli na kuuzwa rahisi, tanuru za kuyeyushia zilizimika. Hata hivyo fuawe hazikuzimika zote. Wahunzi waliobaki waliacha kuyeyusha mawe wakaanza kufua springi za magari, na mpaka leo mundu na panga nyingi za sokoni zimetoka katika lori lililokufa.

Tulikaa kitako kwa mhunzi mmoja wa namna hiyo, mzee mwenye mivukuto miwili na kijana wa kumsaidia, tukaitazama zana ikizaliwa. Twaieleza kama tulivyoiona, ili fundi mwingine aweze kuifuata.

Mwili wake ni mtaimbo mkuukuu, ule wa duara, wenye unene wa milimita 25 na urefu wa mita moja na nusu. Mtaimbo ulichaguliwa kwa sababu tayari ni chuma kigumu kinachokubali kutiwa maji. Nondo ya kujengea nyumba haifai, maana ni laini na ncha yake itarudi nyuma kama uyoga. Mzee aliupima kwa tupa kabla ya kuukubali. Tupa ikiteleza kidogo na kulia, chuma ni kizuri. Ikiuma na kula kwa urahisi, kirudishe ulikokitoa.

Juu ya mtaimbo huo hupanda na kushuka uzito. Uzito ndio nyundo yetu, ila hauna mpini wala haupiti hewani. Ulitengenezwa kwa bomba mbili, moja ndani ya nyingine: ya nje ya inchi tatu, ya ndani ya inchi moja na robo ambayo mtaimbo hupita katikati yake bila kukwama. Nafasi kati ya bomba hizo mbili ilijazwa vipande vya nondo vilivyosimamishwa wima na kushindiliwa mpaka visiweze kutikisika, kisha fundi wa kuchomelea akafunga juu na chini kwa bamba nene lenye tundu katikati. Kipande cha sentimita 28 kilipopimwa kwenye mizani ya duka kilitoa kilo nane na kitu. Pembeni ziliungwa kamba mbili za nondo zilizopindwa kuwa mishikio. Tuliuliza kwa nini wasijaze zege, ambalo ni rahisi zaidi. Mzee akajibu, "Wanangu, zege halipendi kupigwa. Siku ya tatu mtamwaga kokoto."

Kisha pete mbili nene. Ya chini huungwa juu ya mtaimbo sentimita 65 kutoka nchani. Uzito ukishuka huigonga pete hii, na pete huusukuma mtaimbo ndani ya ardhi. Ya juu huungwa baada ya uzito kuvishwa, ikiacha nafasi ya sentimita 40 ya kupandia. Pete ya juu ndiyo akili ya zana yote. Tundu likiisha kufikia kina, mtu huupandisha uzito kwa nguvu ukaigonga pete ya juu kutoka chini, na mtaimbo huanza kutoka jinsi ulivyoingia, pigo kwa pigo. Nani hajaona mtaimbo uliogongwa ukabaki ardhini mpaka watu wakauchimbua kwa sululu, na kuliharibu tundu waliloliteseka? Zaidi ya hayo, kwa kuwa uzito umefungiwa kati ya pete mbili, hauwezi kupotea wala kuazimwa peke yake.

Kuna onyo hapa kwa mafundi wa kuchomelea. Mtaimbo ni chuma kigumu, na ukichomelewa ukiwa baridi utapasuka pembezoni mwa mshono, mara nyingi si siku hiyo, bali siku ya kazi. Yafaa mahali pa pete pawekwe motoni kwanza mpaka pasiweze kuguswa kabisa, pachomelewe pakiwa na joto hilo, kisha mtaimbo ufukiwe katika majivu mpaka asubuhi. Kijana wa mzee alitaka kuutia ndoo ya maji ili amalize kazi kabla ya giza. Alipata karipio ambalo hatulichapishi.

Sasa ncha. Hapa mzee alikaa muda mrefu kuliko kazi zote nyingine pamoja, nasi twaona alikuwa na haki. Ncha ndefu ya mkuki haifai, maana ikigusa jiwe hupinda au hukatika. Alifua ncha fupi, butu kiasi, yenye pande nne zinazokutana kama paa la kibanda, na kingo zake zikapita unene wa mtaimbo kwa upana wa kucha tu, ili mwili wa mtaimbo usibanwe ndani ya tundu. Baadaye ikaja kazi ya kuutia chuma maji, ambayo wengi huiharibu kwa haraka.

Ncha iliwekwa katika mkaa mpaka ikawa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Mtu asiyeamini macho yake anaweza kutumia sumaku ya spika ya redio iliyokufa, akiifunga kwenye waya mrefu: chuma kikifikia joto la kukubali maji, sumaku huacha kukivuta. Hapo ncha huzamishwa kiasi cha vidole vitatu katika mafuta machafu ya injini, huku ikitikiswa taratibu ili pasiwe na mpaka mkali kati ya sehemu ngumu na sehemu laini. Ikitoka hapo ni ngumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Kwa hiyo mzee aliisugua haraka kwa kipande cha jiwe la kunolea mpaka ikang'aa, akasubiri. Joto lililobaki katika mwili wa mtaimbo lilirudi likitembea kuelekea nchani, na rangi zikatembea pamoja nalo: kwanza ya majani makavu, kisha ya kahawia, kisha zambarau. Zambarau ilipoifikia ncha aliizamisha yote. Angengoja mpaka ifike buluu, ncha ingekuwa laini mno kwa jiwe la Kiejo. Kazi yote ya rangi haikuchukua dakika mbili, na hakuna aliyesema neno. Ndiyo elimu, ndugu zetu, ingawa hakuna cheti chake.

Sehemu ya kugongwa, yaani pete na bamba la uzito, haikutiwa maji hata kidogo. Twaomba jambo hili lisomwe mara mbili. Chuma kigumu kikipigana na chuma kigumu hurusha vibanzi vidogo vyenye mwendo wa risasi, na wako watu waliopoteza jicho kwa njia hiyo. Kilicho laini hutanuka pembeni kama uyoga. Uyoga huo usagwe kwa tupa kila unapoonekana, usiachwe ukaning'inia. Miwani ya kazi haigharimu sana kulinganisha na jicho.

Kutumia zana hii hakuhitaji misuli ya ajabu. Mtu husimama wima, ameshika mishikio miwili, anapandisha uzito na kuushusha akiusindikiza. Hakuna anayeshika chochote chini. Mkono wa mtu haupo njiani. Baada ya kila mapigo mawili matatu mtaimbo hugeuzwa robo ya mzunguko, ili zile pande nne zikute jiwe mahali papya, na maji kidogo humwagwa tunduni vumbi lisishikamane. Tuseme ukweli: pigo moja la uzito huu ni dogo kuliko pigo moja la nyundo ya kilo sita katika mikono ya kijana mwenye afya. Lakini kijana huyo hupiga vizuri mara kumi, kisha mapigo huanza kwenda kombo. Uzito wetu hauwezi kwenda kombo, hata mikononi mwa mama mzee. Sentimita kumi za mwisho ndizo zenye kuuma mgongo, kwa sababu pete ya chini imekaribia ardhi. Afadhali kupiga magoti kuliko kuinama.

Na mtu akipiga mapigo mia bila mtaimbo kuzama hata upana wa kidole? Asishindane. Amepata jiwe la ng'ombe aliyelala. Asogee hatua moja ajaribu tena, au, ikiwa jiwe liko karibu na uso wa nchi, alifukue na kulifunga mnyororo lenyewe. Ni nanga aliyopewa bure.

Likiisha tundu hufuata kigingi chenyewe. Bomba kuukuu la maji la robo tatu ya inchi lina unene wa nje wa karibu milimita 27, nalo hulibana vizuri tundu la mtaimbo wa 25. Kipande cha sentimita 80 kibondwe upande mmoja kiwe ncha, upande wa pili kiungwe washa pana ili mnyororo usichomoke, kisha kigongwe kwa nyundo ya kawaida juu ya kipande cha mti mgumu. Huingia kikilalamika kidogo, na hilo ni jema. Kikiingia kimya, tundu ni pana mno.

Wengi hukosea pembe. Kigingi hulazwa kichwa kikielekea upande ulio kinyume na mvuto, hivi kwamba kamba na kigingi vikutane kama pembe ya meza. Na kamba hufungwa chini kabisa, mahali kigingi kinapotokea ardhini, si juu kichwani ambako huwa wenzo wa kujing'olea. Pakihitajika nguvu zaidi, kigingi cha pili hugongwa nyuma ya cha kwanza, na kichwa cha mbele kikafungwa kwenye shina la kile cha nyuma. Askari wa uhandisi hufanya hivyo wanapovuta magari matopeni. Halafu, kabla ya kuamini, jaribu: watu wanne wavute kwa kamba mvuto wa ghafla. Kikitikisika leo, usingoje fahali akuthibitishie.

Yako maeneo ambako zana hii haina kazi. Pale ambapo tabaka la mawe mepesi ni nene, mtaimbo huzama bila taabu, na mwenye nao hufurahi. Asifurahi. Mawe yale hayana mshiko. Kigingi kilichoingia kwa urahisi kitatoka kwa urahisi. Hapo pachimbwe shimo la mita moja, palazwe jiwe refu au kipande cha chuma kilichozungushiwa waya usioshika kutu, waya utolewe juu kwa mshazari, na shimo lishindiliwe kwa mawe mazito. Ni kazi ya nusu siku, tena chafu. Hatujui njia fupi yake.

Tulitaja mapaa, nasi hatukutia chumvi. Upepo wa mwendo wa kilomita 100 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba, na juu ya paa msukumo huo hugeuka kuwa mvuto wa kwenda juu. Bati la geji 30 lenyewe halifiki kilo tatu kwa mita hiyo. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60 inaweza basi kuvutwa kwenda mbinguni kwa uzito wa karibu tani tatu, na kinachobishana na tani hizo ni misumari, mbao, na udongo mkavu wa tofali la juu. Ikiwa makombamoyo yamefungwa kwa waya, na waya umeshuka nje ya ukuta mpaka kwenye vigingi vilivyozama sawasawa, mzigo huo hubebwa na nchi yenyewe. Kila masika husikika habari za darasa lililoezuliwa mahali fulani nchini, na wazazi huchangishwa bati upya. Twauliza: katika michango hiyo, ni mingapi iliyowahi kuwa na fungu la nanga? Bati huonekana na wageni wa siku ya ufunguzi. Nanga haionekani.

Gharama ya zana yote ni mtaimbo mmoja, vipande vya bomba, nondo za mabaki, mkaa, na ujira wa mhunzi na wa mwenye mashine ya kuchomelea. Kwa mtu mmoja ni nyingi. Kwa nyumba thelathini si kitu, na zana yenyewe haihitajiki na nyumba moja zaidi ya siku mbili kwa mwaka. Kwa hiyo twaona ni mali ya kuwekwa pamoja: chama cha ushirika cha wakulima wa chai, kikundi cha wafugaji wa maziwa, kamati ya shule. Shida ya mali ya pamoja twaifahamu. Zana huanza kulala kwa mwenyekiti, kisha kwa shemeji wa mwenyekiti, na siku ya kuhitajiwa haijulikani iko kwa nani. Kikundi kimoja kimepata njia nzuri: zana hulala kwa mhunzi aliyeifua. Anayeiazima huacha ada ndogo. Mhunzi hutazama ncha inaporudi, huinoa au huitia maji upya, na ada ni yake. Hivyo mtu mwenye sababu ya kuitunza ndiye anayeitunza, na fuawe yake hupata mkaa wa mwezi.

Liko neno moja la mwisho kuhusu chuma kinakotoka. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani zao, na mtaimbo uliochakaa huuzwa kwa bei ya sukari. Mwenye mtaimbo asiuuze. Kwa upande wa pili, fundi asipokee chuma cha reli, wala waya wa kushikilia nguzo za umeme, wala vyuma vya kingo za barabara, hata kikiletwa na ndugu yake usiku kwa bei ya bure. Kigingi kilichoibwa kwenye nguzo ya umeme kitashika ng'ombe mmoja na kuangusha taa za kata nzima.

Anayetaka kuanza na aanze miezi hii ya ukame, wakati wahunzi wana nafasi, ili vigingi viingie ardhini mara tu mvua za kwanza za Novemba zitakapoilainisha, kabla ya pepo za masika. Autazame kwanza mtaimbo ulioegeshwa nyuma ya banda lake. Ukipungua mita moja na nusu, atafute mwingine. Ukiwa na nyufa, hata kama ni nyembamba kama unywele, amwachie mzee aukate jembe.